Saa Mkononi na Macho Yaliyo Wazi

Dominika ya Kwanza ya Majilio, Mwaka B (Mk 13:33–37)



Wapendwa wasikilizaji, leo Mama Kanisa anaanza mwaka mpya wa liturujia, na agizo la kwanza analotutia masikioni ni neno moja fupi: kukesha. Katika Injili ya leo Bwana wetu analirudia agizo hilo mara kadhaa, na ndilo analofungia maneno yake. Nami leo nitazungumza juu ya neno hilo moja tu. Lakini nitalifikia kwa njia ya kuzunguka kidogo, njia niliyoonyeshwa na mtoto wa shule.

Nilikuwa nikifundisha dini katika shule ya sekondari. Siku hiyo wanafunzi walikuwa wakiisoma Injili hii kwa Kiingereza, ili wajizoeze lugha hiyo. Kijana mmoja wa kidato cha kwanza akainua mkono, akauliza: "Padre, hapa Bwana Yesu anawaambia wanafunzi wake 'watch'. Je, zamani zile watu walikuwa na saa za mkononi?" Darasa zima likaangua kicheko, na kijana akaketi kwa haya. Nami, nakiri, nilicheka pamoja nao. Nikamwambia kwa kifupi kwamba neno hilo lina maana nyingine, tukaendelea na somo.

Jioni yake nilijilaumu. Swali la kijana yule lilikuwa jema kuliko jibu langu. Kwa nini Waingereza wameviita kwa jina moja vitu viwili vilivyo mbalimbali hivi, yaani tendo la kukesha, na kile chombo kidogo kinachohesabu dakika mkononi mwetu? Nilianza kutafuta, na niliyoyapata yamenifaa katika utume wangu. Leo nawagawieni.

Neno "watch", ambalo hutamkwa "woch", ni la kale sana katika Kiingereza. Lilikuwako zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, karne nyingi kabla mtu yeyote hajavaa saa. Maana yake ya kwanza ilikuwa ni hali ya kuwa macho wakati wengine wamelala. Ni ndugu wa neno lao jingine, "wake", yaani kuamka au kuwa macho. Hilo ndilo shina. Maana nyingine zote ni matawi yaliyochipuka baadaye.

Tawi la kwanza ni kulinda. Mtu anayekaa macho usiku hafanyi hivyo bure; ana kitu anachokilinda. Ndiyo maana mlinzi wa usiku huitwa "watchman", na huko Nairobi mlinzi wa lango utasikia akiitwa "watchie". Tawi la pili ni kutazama kwa makini. Vijana wanaotazama mpira kwenye televisheni, mama anayeangalia uji usifurike jikoni, muuguzi anayemchunguza mgonjwa aliyetoka kupasuliwa, wote kwa Kiingereza tendo lao ni "watch". Tawi la tatu ni kujihadhari: dereva anayemwona mtoto akikimbilia barabarani hupiga kelele "watch out", nasi tungesema "angalia!" Tawi la nne ni kutunza kwa upendo: ukisafiri, ukamwomba jirani awaangalie watoto wako, Mwingereza atatumia neno lile lile. Na tawi la mwisho ni saa ya mfukoni au ya mkononi.

Kiswahili chetu kimefanya vingine. Sisi tumeyapa mambo hayo majina yake kila moja: kukesha, kulinda, kutazama, kujihadhari, kutunza, saa. Utajiri huo ni mzuri, kwa maana kila jambo linajulikana kwa jina lake. Lakini una hasara ndogo. Anayesema "saa" kwa Kiswahili hakumbuki kukesha hata kidogo. Jina letu tumelipata kwa Kiarabu, na lina maana ya kipindi cha wakati. Kwa hiyo mtu anaweza kuvaa saa maisha yake yote asijue kwamba, katika lugha ya wengine, amefunga mkononi mwake jina la lindo la usiku.

Sasa, kukesha kulikutana wapi na kuhesabu wakati? Kulikutana katika zamu. Hakuna mwanadamu awezaye kukaa macho usiku wote, kila usiku. Askari akilinda peke yake hadi asubuhi, kabla ya mapambazuko kichwa kitainama na adui atapita. Kwa hiyo tangu kale watu waliugawanya usiku katika vipande, kila kipande kikawa na mlinzi wake. Na mara tu unapougawanya usiku, unalazimika kuupima, ili mlinzi wa kwanza ajue wakati wa kumwamsha wa pili, naye wa pili asidhulumiwe usingizi wake. Kipimo cha wakati kilihitajika kwa ajili ya haki baina ya walinzi.

Wayahudi wa kale waliugawanya usiku katika zamu tatu. Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 7, tunasoma kwamba Gideoni aliifikia kambi ya Wamidiani mwanzo wa zamu ya katikati, walinzi wakiwa ndiyo kwanza wamebadilishana. Warumi walikuwa na zamu nne, kuanzia machweo hadi mapambazuko, na kwa Kilatini kila zamu iliitwa "vigilia". Kutoka neno hilo Kanisa limepata jina la kesha zake kubwa, kama ule Mkesha wa Pasaka ambao sisi sote tunaupenda. Sasa fungueni tena Injili ya leo, aya ya 35. Bwana anataja nyakati nne ambazo mwenye nyumba anaweza kurudi: jioni, usiku wa manane, awikapo jogoo, na asubuhi. Hizo ni zamu nne za Warumi, moja baada ya nyingine, wala hakuna iliyoachwa. Kwa kuzitaja zote nne Bwana anaufunika usiku wote, pasipo mlinzi yeyote kuweza kusema kwamba zamu yake haikuwamo.

Hebu sasa tuone jinsi mashine ilivyoingia katika habari hii. Saa za kwanza za magurudumu zilitengenezwa Ulaya katika karne za kati, zikawekwa katika minara ya makanisa na ya miji. Nyingi hazikuwa na uso wala mishale. Ile ya Kanisa Kuu la Salisbury nchini Uingereza, inayohesabiwa kuwa ya mwaka 1386, mpaka leo haina uso. Kazi yake ni kugonga kengele tu. Na ndiyo sababu saa kubwa, ya ukutani au ya mnarani, Waingereza huiita kwa jina jingine, "clock", linalotokana na neno la Kilatini cha karne za kati lenye maana ya kengele. Wakitaja saa husema "o'clock", yaani kwa hesabu ya kengele ile, si kwa hesabu ya jua. Saa kubwa basi ni kengele inayowaita watu wote pamoja. Lakini ile ndogo ilipata jina la mkesha. Katika karne ya 15 neno "watch" lilianza kutumika kwa chombo cha kuamshia, kile kinacholia ili aliyelala aamke. Baadaye, kabla ya karne ya 16 kwisha, likawa jina la saa ndogo ya kuchukuliwa mwilini.

Saa hizo ndogo ziliwezekana kwa sababu mafundi waligundua kutumia kamani badala ya uzito unaoning'inia. Miongoni mwa waliosifika mwanzoni mwa karne ya 16 ni Peter Henlein, fundi wa kufuli wa mji wa Nuremberg, Ujerumani. Zilikuwa saa zenye mshale mmoja tu, na zilikosea sana kila siku. Mwaka 1675 Mholanzi Christiaan Huygens alitangaza kamani nyembamba ya kusawazisha mwendo, na hapo ndipo mshale wa dakika ulipoanza kuwa na maana.

Lakini mahali ambapo lindo na saa viliungana kabisa ni baharini. Katika meli za Waingereza siku iligawanywa katika zamu saba: tano za saa nne nne, na mbili fupi za jioni za saa mbili mbili. Mnaweza kuuliza, kwa nini wakaikata ile moja ya jioni vipande viwili? Ni ili zamu ziwe saba, si sita. Zingekuwa sita, mabaharia walewale wangekesha usiku wa manane kila siku, na walewale wangelala. Kwa kuwa ni saba, zamu huzunguka, na mzigo wa usiku unamfikia kila mtu. Kila nusu saa, mchanga ulipokwisha kuteremka katika chupa yake, kengele iligongwa. Ilipofika migongo minane, zamu imekwisha, na wengine wamepanda juu. Lakini lazima awepo mtu macho wa kuigeuza chupa ile. Akisinzia, meli yote inapoteza hesabu.

Tena baharini hesabu ya wakati ni jambo la kufa na kupona. Dunia yetu huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa kila saa. Nahodha akijua ni saa ngapi nyumbani alikotoka, na akijua kwa jua ni saa ngapi pale alipo, tofauti ya saa hizo mbili inamwonyesha amekwenda umbali gani mashariki au magharibi. Lakini saa yake ikikosea dakika moja tu, karibu na ikweta atakosea kiasi cha kilomita 28. Mwaka 1707 meli nne za kivita za Uingereza, zikiongozwa na Amiri Cloudesley Shovell, ziligonga miamba ya visiwa vya Scilly usiku, kwa sababu viongozi wake hawakujua sawasawa walipokuwa. Watu zaidi ya elfu moja walikufa. Mwaka 1714 Bunge la Uingereza likaahidi zawadi ya hadi paundi 20,000 kwa atakayepata njia ya kupima umbali huo.

Aliyeipata hakuwa profesa. Alikuwa mwana wa seremala, na yeye mwenyewe seremala, jina lake John Harrison, aliyezaliwa mwaka 1693. Alifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, akatengeneza saa kubwa tatu ambazo hazikumridhisha. Ya nne, aliyoimaliza mwaka 1759, ilikuwa ndogo, yenye upana wa sentimita 13 hivi, kama saa ya mfukoni iliyokuzwa. Mwaka 1761 mwanawe William aliichukua katika meli hadi Jamaika. Baada ya siku 81 ilikuwa imechelewa sekunde tano tu. Fikirini jambo hilo: sekunde tano, katika chombo kilichotikiswa na mawimbi kwa siku 81!

Nataka mwone jambo moja hapo. Saa ile ya ajabu, ambayo mifano yake iliwaokoa mabaharia wengi, haikuweza kwenda zaidi ya saa thelathini hivi bila kutiwa ufunguo. Kila siku lazima mtu aikumbuke, aishike mkononi, aitie ufunguo. Siku moja ya kusahau ingetosha kuifanya iwe kipande cha shaba. Mashine ilimsaidia mwenye kukesha. Haikukesha kwa niaba yake. Na huo, wapendwa, ndio ujumbe wangu wa leo. Mnaweza kuyasahau majina na miaka niliyoitaja, lakini hilo mlichukue nyumbani.

Yaliyofuata mnayajua. Vita Kuu ya mwaka 1914 hadi 1918 iliwazoesha wanaume kufunga saa mkononi, kwa sababu askari hakuwa na nafasi ya kupekua mfuko. Siku ya Noeli ya mwaka 1969 iliuzwa huko Tokyo saa ya kwanza ya mkononi inayoendeshwa kwa jiwe la kwazi na betri. Zikafuata nyingine nyingi za bei nafuu, zisizohitaji kutiwa ufunguo. Nilipokuwa mtoto, mwenye saa kijijini kwetu alijulikana kwa jina, na watu walimsimamisha njiani kumwuliza wakati. Leo kila simu ni saa. Hakuna wa kumsimamisha tena, na pengine hiyo ndiyo sababu tunapishana kimya.

Kabla sijaendelea, niwaase katekista na viongozi wa jumuiya kuhusu jambo dogo la kila siku, linaloleta madhara makubwa. Waingereza huanza kuhesabu saa usiku wa manane na mchana katikati. Sisi huanza jua likichomoza na likitua, na karibu na ikweta hesabu hiyo inafaa sana, kwa kuwa jua letu halibadiliki sana mwaka mzima. Kwa hiyo saa yao ya nane ya asubuhi ni saa mbili yetu. Mama mmoja alipewa kadi ya kumrudisha mtoto kliniki, imeandikwa kwa tarakimu: 8.00. Akaisoma kama alivyofundishwa kuhesabu, akafika saa nane mchana na mtoto wake mgongoni, baada ya mwendo mrefu wa miguu. Waliokuwa wakipima watoto walikuwa wameondoka zamani, na mtoto akasubiri wiki nyingine. Hakuna aliyekusudia ubaya. Bali hakuna aliyemtazama mama yule usoni na kuhakikisha ameelewa. Mkitangaza Misa, mkutano au siku ya wagonjwa, msiridhike na tarakimu. Semeni: saa mbili asubuhi.

Tena hesabu yetu isitufanye tujione duni, kwani inakaribiana na ile ya Maandiko Matakatifu. Marko asemapo kwamba Bwana alisulubiwa saa tatu, na kwamba giza lilikuwapo tangu saa sita hata saa tisa, Mzungu huhitaji kuelezwa. Mtoto wa Kiswahili ameelewa tayari. Wale wafanyakazi wa shamba la mizabibu walioajiriwa saa kumi na moja, sisi tunawaona wazi, jua likiwa karibu kuzama na vivuli vimekuwa virefu. Hata neno la Kiingereza la adhuhuri, "noon", lilitokana na Kilatini cha saa tisa, ile saa ya sala ya alasiri, kisha likasogezwa mpaka saa sita. Kumbe hata Waingereza walihama kutoka hesabu hiyo.

Sasa niwaambie kisa changu mwenyewe, si kwa kujisifu.

Nilikuwa padre kijana, bado sijatimiza miaka mitatu ya upadre. Siku ya kupadrishwa nilipewa zawadi ya saa ya mkononi, nzuri, yenye kulia wakati unaotegwa, nami niliipenda. Jioni moja ya masika alifika kijana kwa baiskeli, amelowa, akaniambia kwamba mzee mmoja wa kigango cha mbali amezidiwa, na anaomba Sakramenti. Mzee huyo alikuwa katekista wa siku nyingi. Aliwafundisha wazazi, kisha akawafundisha watoto wao. Nikamwuliza kijana, "Je, anasema?" Akajibu, "Anasema, Padre." Nikaitazama saa yangu. Ilikuwa saa mbili kasorobo usiku. Nikaitazama mvua. Kigango kilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa pikipiki wakati wa kiangazi. Nikamwambia kijana alale pale misioni, na kwamba tutaondoka alfajiri. Kisha nikaitega saa yangu ilie saa kumi, nikalala.

Saa ililia saa kumi barabara. Haikukosea hata dakika. Tukaondoka, tukasukuma pikipiki kwenye matope, tukafika kumepambazuka. Nilipoona watu wengi wamekaa nje kimya, nilijua.

Mjane wake akanipokea mlangoni. Hakunilaumu. Alisema, "Karibu, Baba Padre. Pole na njia." Nikamwuliza amefariki lini. Akajibu, "Jogoo wa pili. Alikuulizia tangu jioni. Tulimwambia uko njiani." Nikakosa la kusema. Mle ndani walikuwamo akina mama wanne wa jumuiya yake na mzee mmoja jirani. Walikuwa wamekaa naye usiku kucha, wakisali rozari kwa zamu, mmoja akimpangusa jasho, mwingine akichochea moto. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na saa. Walijua wakati kwa jogoo na kwa kuni zilivyokuwa zikipungua.

Miaka mingi baadaye, kijana yule wa kidato cha kwanza aliponiuliza swali lake darasani na mimi nikacheka, hili ndilo lililonirudia jioni ile. Mimi nilikuwa na saa; wao walikesha. Kwa Kiingereza ni neno moja, na sisi tulikuwa tumeligawana: mimi nimechukua chuma, wao wamechukua kazi. Na Bwana alipopita nyumba ile usiku, aliwakuta wao.

Wahenga wetu walisema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Najua Mungu ni mwenye huruma, na kwamba mzee yule hakwenda mikono mitupu mbele zake baada ya kufundisha Injili maisha yake yote. Hilo linanifariji kwa ajili yake. Kwa ajili yangu, sikutafuta faraja, nilitafuta kubadilika. Tangu siku hiyo, nikiitwa kwa mgonjwa, naitazama saa baada ya kuwasha pikipiki.

Basi, ndugu zangu, Injili ya leo inatudai nini? Haituambii tusilale kabisa. Bwana anajua kwamba tumeumbwa na usingizi. Katika mfano wake, mwenye nyumba anampa kila mtumishi kazi yake, na bawabu anaagizwa kukesha. Kila mmoja wetu ana mlango wake. Swali si je, unakesha usiku na mchana, bali je, zamu yako inapofika, upo?

Kwanza, tuheshimu wakati wa wengine. Katekista aliyetangaza ibada saa tatu akaanza saa nne amewanyang'anya watu mia moja saa moja moja, na hakuna ungamo la wizi huo analoliwaza. Zamu za walinzi zilipimwa ili mmoja asimdhulumu mwingine usingizi. Nasi tupime kwa haki.

Pili, tujue kwamba kufika kwa wakati si kazi yote. Unaweza kufika saa iliyopangwa, kama nilivyofika mimi, na ukawa umechelewa. Baba anayerudi nyumbani kila siku saa kumi na mbili jioni, akakaa hadi kulala uso wake uko kwenye simu, amewahi, lakini hayupo. Mtoto anaanza kupotea mbele ya macho yake, na macho hayaoni. Mgonjwa, mjane, kijana aliyeacha kuja kanisani: hawa hawatangazi saa yao. Huonekana tu na mtu aliye macho.

Tatu, tugawane makesha. Wale akina mama wanne hawakukesha kila mmoja peke yake, walipokezana. Katika jumuiya zetu ndogo ndogo mara nyingi mgonjwa anaachiwa binti mmoja, na baada ya mwezi tuna wagonjwa wawili. Wapangeni watu. Mabaharia walikata zamu ya jioni vipande viwili ili mzigo wa usiku umfikie kila mmoja; Wakristo tusishindwe na mabaharia.

Usiku wa Alhamisi Kuu, kule Getsemani, Bwana aliwaomba marafiki zake watatu jambo moja tu, wakae macho pamoja naye. Aliporudi aliwakuta wamelala, akamwuliza Petro kama hakuweza kukesha hata saa moja. Tazameni jinsi maneno yetu mawili yalivyokutana pale: saa na kukesha. Bwana hakuomba usiku kucha. Aliomba saa moja. Na wale waliolala usiku ule aliwasamehe, akawarudishia zamu yao, nao hawakulala tena.

Majilio haya, kila uitazamapo saa yako, ya mkononi au ya kwenye simu, kumbuka jina lake kwa Kiingereza, ukajiulize: ni nani aliye katika zamu yangu sasa hivi? Ukimpata, nenda. Usingoje ikawike.

Nawatakia nyote Dominika njema na mwanzo mwema wa Majilio. Amina.